Ndege nzima, otopailoti nzima, na bado wakagonga mlima: tujadili marubani kuitegemea mno kompyuta

Kipanga Mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye uzi wa juzi kuhusu usafiri wa anga kuna mtu kaandika kwamba rubani wa siku hizi ni abiria mwenye kofia, anabonyeza kitufe halafu anaagiza kahawa. Wengi mkamgongea laiki. Nimeona tuifungulie uzi wake, maana ndani ya utani ule kuna jambo zito. Zipo ndege zilizopotea njia, na nyingine kugonga milima, huku injini ziko sawa na otopailoti, yaani mtambo unaoirusha ndege wenyewe, inafanya kazi bila dosari.

Nianze na ile ambayo kila anayesomea urubani hukutana nayo darasani.

Tarehe 20 Desemba 1995. American Airlines safari namba 965, Boeing 757, kutoka Miami kwenda Cali, Colombia. Ndani kuna watu 163, wengi wao wanawahi Krismasi nyumbani. Ndege imechelewa kuondoka Miami kwa karibu saa mbili. Ni usiku. Uwanja wa Cali uko kwenye bonde refu, milima ya Andes imekaa kulia na kushoto. Rada hakuna, waasi waliilipua mwaka 1992. Kwa hiyo muongoza ndege haioni ndege popote, anategemea marubani wamwambie wenyewe wako wapi.

Mpango wa awali ulikuwa waupite uwanja kwa juu, wageuke, watue wakitazama kaskazini. Muongoza ndege akawauliza kama wangependa kuingia moja kwa moja kwenye njia ya kutua namba 19, upepo umetulia. Wakakubali. Nani angekataa na wameshachelewa? Ila sasa wako juu mno, lazima washuke haraka. Wakafungua breki za mabawa, yale mabamba yanayoinuka juu ya bawa kuua mnyanyuko. Wakati huohuo wanatafuta chati ya njia mpya kwenye makaratasi, na kompyuta ya safari inatakiwa ipangwe upya.

Fuatilieni hapa taratibu. Njia ile ilipita vituo vya redio viwili, Tulua halafu Rozo, ndipo uwanja. Walipoiamuru kompyuta iende moja kwa moja Cali, ikafuta kila kituo cha katikati, Tulua ikiwemo. Muongoza ndege anawaambia waripoti wakifika Tulua, wao wanaitafuta mbele, kumbe wameshaipita. Wakaona bora waende moja kwa moja Rozo. Kwenye chati ya karatasi Rozo imeandikwa kwa herufi R. Kapteni akabonyeza R. Ikaja orodha ya vituo vya R, akachagua cha juu.

Kile cha juu hakikuwa Rozo. Kilikuwa Romeo, karibu na Bogotá, maili zaidi ya 130 kutoka pale. Kwenye hazina ya kompyuta ile, Rozo ilipatikana tu ukiandika jina zima, herufi zote nne.

Ndege ikatii. Ikageuka kushoto gizani, ikitoka kwenye bonde kuelekea milimani, na bado inashuka. Ilipita kama dakika moja kabla hawajashtuka kwamba wanakwenda siko. Wakageuza kulia kurudi, lakini kushuka hawakusimamisha. King'ora cha kuonya ardhi kikalia. Wakavuta pua juu, wakasukuma injini mpaka mwisho. Breki za mabawa zikabaki wazi, hakuna aliyezikumbuka. Sekunde kama 12 hivi, wakagonga mlima kwenye kimo cha futi 8,900. Wakafa watu 159, wakapona wanne.

Wachunguzi waliipata kumbukumbu ya kompyuta kwenye mabaki. Ilikuwa bado imeshika Romeo.

Msimamo wangu ni huu, nipigwe mawe au nikubaliwe: kompyuta ile haikukosea hata nukta moja. Iliambiwa twende Romeo, ikaenda Romeo. Kilichokosekana ni mtu mmoja, kati ya wawili waliokuwepo, wa kuangalia kitu kingine tofauti na ile skrini.

---

Nyoka wa Shaba

Dah. Herufi moja.

---

Mzee wa Pugu

Kipanga umeandika vizuri, lakini mimi naona unawapamba. Hao ni wazembe. Wawili, leseni zote, mshahara mnono, halafu mnachagua kituo bila kusoma jina? Dereva wa basi la Mbeya akifanya hivyo tunamwita muuaji, ila huyu kwa kuwa amevaa mabega yenye mistari tunaambiwa eti "kuitegemea mno kompyuta".

---

Kipanga Mweusi

Mzee wangu shikamoo. Sikatai kwamba kuna kosa la mtu. Utaratibu unasema mmoja anaandika, mwenzake anahakiki, ndipo kitufe cha kutekeleza kinabonyezwa. Pale haukufuatwa. Ila ukiita uzembe ukaishia hapo, hutaelewa kwa nini wazembe wa namna hiyo wanatokea kila nchi na kila kizazi, tena wengi ni wazoefu wenye maelfu ya saa angani.

Chukua Korean Air Lines safari namba 007. Boeing 747, inatoka Anchorage, Alaska, kwenda Seoul, Septemba 1983. Ndege ilikuwa na mitambo mitatu ya kujipima mahali ilipo, inayojitegemea. Kazi ya marubani ilikuwa kuiambia otopailoti ifuate mitambo hiyo. Uchunguzi wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, uliokamilika 1993 baada ya Warusi kurudisha visanduku vyeusi, ulikuta otopailoti ilishika uelekeo mmoja wa dira, nyuzi 245, tangu mara tu baada ya kuruka hadi mwisho. Ama swichi ya kuiambia ifuate mitambo ile haikuzungushwa, ama ilizungushwa wakati ndege imeshatoka nje ya maili saba na nusu za mstari wake. Ikiwa nje ya hapo, mtambo haushiki. Unasubiri tu mpaka ndege isogee karibu na mstari, na ndege haikusogea kamwe.

Saa tano na zaidi, wakuu. Walikuwa wanaripoti vituo kwa wakati, wanapiga soga. Wakapita juu ya Kamchatka, kambi za kijeshi za Wasovieti chini yao, wakaingia Sakhalin wakiwa zaidi ya kilomita 500 nje ya njia. Ndege ya kivita ikawalipua. Watu 269. Wiki mbili hivi baadaye Rais Reagan akatangaza kwamba GPS, ambayo ilikuwa mradi wa jeshi la Marekani, itafunguliwa kwa ndege za kiraia itakapokamilika. Hii GPS ya kwenye simu zenu ina historia hiyo ndani yake.

Niambie Mzee, wale walizembea nini hasa? Waliona ndege imetulia, imenyooka, haina kelele. Ikitulia hivyo mtu anaacha kuuliza.

---

Fundi Mitambo

Nimekaa kimya nasoma, sasa niingie. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme na mawasiliano vya ndege, sisemi kampuni gani. Kipanga, hiyo kauli yako kwamba kompyuta haikukosea hata nukta naomba niipinge kidogo.

Rudi Cali. Nani aliyeamua kwamba chati ya karatasi iandike R, na kompyuta hiyohiyo itake ROZO? Siyo kapteni. Chati na hazina ya data vilitengenezwa na kampuni moja, kompyuta na kampuni nyingine. Kesi ilipofika mbele ya baraza la wazee wa mahakama huko Florida mwaka 2000, waligawa lawama: American Airlines asilimia 75, Jeppesen waliotengeneza chati na data asilimia 17, Honeywell wenye kompyuta asilimia 8. Hebu fikiria watu wa kawaida waliotolewa mtaani, wakasikiliza ushahidi, wakaona robo ya kosa iko nje ya chumba cha marubani.

Halafu kuna Erebus. Wengi hapa hamuijui, ngoja niikalie.

Novemba 28, 1979, Air New Zealand ilikuwa na safari za utalii kwenda kuangalia Antaktika kutoka juu na kurudi. DC-10, watu 257. Njia yake ilikuwa imewekwa kwenye kompyuta ya ofisini, halafu inapakiwa kwenye ndege. Mwaka mmoja nyuma, walipohamisha namba kwenda kwenye kompyuta, mtu mmoja aliandika longitudo ya kituo cha mwisho nyuzi 164 badala ya 166. Kwa kosa hilo njia ikawa inapita juu ya maji yaliyoganda ya ghuba ya McMurdo, tambarare, salama kabisa. Ndege zikawa zinaenda hivyo. Marubani wa safari ile walipopewa maelezo, siku 19 kabla, walionyeshwa njia hiyo. Kapteni aliondoka na namba zake, na usiku kabla ya safari akiwa nyumbani akachora njia kwenye atlasi yake. Mnaona? Alihakiki. Tena kwa karatasi.

Usiku huohuo ofisini wakagundua lile kosa la zamani wakalisahihisha. Mstari ukahama kama kilomita 50, ukawa unapita juu ya mlima Erebus, volkano ya mita zaidi ya 3,700. Marubani hawakuambiwa. Asubuhi wakaingiza namba mpya wakiamini ni zilezile.

Walipofika, hali ya hewa ilikuwa ile ambayo theluji na mawingu vinakuwa weupe mmoja, hakuna kivuli, mlima mbele yako unaonekana kama uwanda unaokwenda mbali. Wakashuka wawaonyeshe abiria mandhari. Wakagonga. Hakupona mtu.

Ripoti ya kwanza ikawalaumu marubani. Baadaye tume ya Jaji Peter Mahon, 1981, ikasema chanzo ni kubadilisha njia bila kuwaambia marubani, na kwamba wakubwa wa shirika walikuja mbele yake na uongo uliopangwa. Hiyo hukumu kwamba wakubwa walidanganya ilikatiwa rufaa, mabishano hayakuisha, na serikali ya New Zealand ilikuja kuomba radhi rasmi 2019, miaka 40 kamili.

Kwa hiyo Kipanga unaposema "aangalie kitu kingine tofauti na skrini", yule kapteni aliangalia. Kilichomwangusha ni mtu wa ofisini.

---

Kipanga Mweusi

Fundi hapo umenikaba vizuri, na Erebus ni kweli ni kesi ya peke yake. Ila nishike kona yangu: waliposhuka hadi futi 1,500 walikuwa chini kabisa ya kimo salama cha eneo lile, na ujasiri wa kushuka waliupata kutoka kwenye mstari wa kompyuta. Mstari ungekuwa haupo, wangeshuka?

---

Fundi Mitambo

Marubani wa safari zilizotangulia nao walishuka, na magazeti yaliandika, na shirika lilijua. Wacha nisibishane nawe usiku kucha. Namalizia na moja ambayo haikuua mtu, ndiyo maana naipenda.

Machi 2015, AirAsia X, Airbus A330, Sydney kwenda Kuala Lumpur. Asubuhi ile kapteni na msaidizi walibadilishana kazi, kapteni akabaki ndani kuandaa kompyuta. Akawa anaiambia mahali ilipoegeshwa, kwa kuandika namba kwa vidole. Longitudo ilitakiwa iwe 15109.8, yaani nyuzi 151 na dakika 9.8 mashariki. Ikaingia 01519.8. Angalieni tarakimu: karibu zilezile, zimesukumana tu. Kompyuta ikasoma nyuzi 15. Na kwa kuwa latitudo ya Sydney na ya Cape Town zinakaribia kulingana, ndege iliyosimama Australia ikajiamini iko karibu na Cape Town. Kilomita zaidi ya 11,000 za kosa.

Dalili zilitokea kabla hawajaruka, ujumbe na milio, zikapita. Wakaruka. Otopailoti iliposhika, ndege ikaanza kukata kushoto kuelekea anga la njia ya pili ya uwanja. Waongoza ndege ndio walioliona. Marubani wakajaribu kurekebisha wakiwa angani, wakazima hiki na kile, wakazidi kupoteza vifaa. Hali ya hewa Sydney ikaharibika, hawakuweza kurudi. Mwisho wakaongozwa kwa rada hadi Melbourne kwenye anga safi, wakatua kwa macho.

Uchungu wangu kama fundi: programu mpya ambayo ingeligomea kosa lile ilishatolewa na mtengenezaji. Ndege ile haikuwa nayo.

---

Binti Makunganya

Nimecheka hapo Cape Town halafu nikakumbuka kuna watu walikuwa ndani 😅 Fundi, kwani kompyuta haiwezi kujiuliza, mbona jana nilikuwa Asia leo niko Afrika Kusini na sijaruka?

---

Fundi Mitambo

Dada, inauliza. Inatoa ujumbe. Shida ni kwamba inatoa ujumbe wa mambo makubwa na madogo kwa sauti ileile, na asubuhi una orodha ndefu ya kufuta. Unafuta, unafuta, na huo nao unaufuta.

---

Otieno wa Kondele

Wandugu wa Tanzania hamjambo. Nimeona hakuna aliyetaja Douala, nami kama Mkenya siwezi kupita bila kuitaja. Tarehe 5 Mei 2007, Kenya Airways KQ507, Boeing 737-800, ilikuwa inatoka Abidjan kuja Nairobi kupitia Douala. Watu 114, hakuna aliyeokoka. Iliondoka baada ya saa sita za usiku, mvua kubwa imetanda, nje giza totoro.

Ripoti ya Kameruni ilitoka 2010. Ndege ilikuwa na tabia ya kulala kidogo upande wa kulia, jambo dogo ambalo rubani hulirekebisha kwa mkono. Kapteni alitamka maneno ya kuashiria kwamba otopailoti ishike. Msaidizi hakuitikia. Na otopailoti haikuwa imeshika. Ndege ikaendelea kulala kulia polepole, polepole kiasi kwamba mwili hausikii, hakuna aliyegusa usukani. Onyo la mlalo lilipolia, kapteni akashikwa na taharuki, akageuza usukani upande mbaya. Safari nzima haikufika dakika mbili.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba walitafutwa mbali porini karibu siku mbili, kumbe wako kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita chache tu kutoka mwisho wa uwanja.

Sijui kama hii inaingia kwenye mada yenu ya kupotea njia, lakini kuamini mashine imeshika kumbe haijashika, naona ni ugonjwa uleule.

---

Kipanga Mweusi

Inaingia kabisa kaka, na poleni. Hapo ndipo utaratibu wa kuitikiana una maana. Ukisema "shika", mwenzako anaangalia taa ya pale juu ya kioo, anasoma kilichoandikwa, anakujibu kile alichokisoma. Kidole kubonyeza hakutoshi, vifaa hivyo mara nyingine vinakataa kimyakimya.

---

Simba wa Yuda

Mnaongea tuuu, mbona hamtaji Ethiopian ya Machi 2019 iliyokuwa inakuja Nairobi? Watu 157! Pale nako marubani walitegemea kompyuta.

---

Fundi Mitambo

Hapana mkuu, ile usiichanganye hapa. Ile ni kinyume chake. Kwenye 737 MAX kulikuwa na mfumo unaitwa MCAS, unasukuma pua chini ukisikiliza kifaa kimoja tu cha kupima pembe ya upepo. Kifaa kikadanganya, mfumo ukasukuma, na marubani walipambana nao kwa mikono mpaka mwisho. Hawakuitegemea kompyuta, walikuwa wanapigana nayo. Lawama za ile ziko Seattle, kwa Boeing waliobuni.

---

Mtoto wa Kisongo

Jamani naomba niingize ya nyumbani. Mnakumbuka Desemba 2013, Boeing 767 ya Waethiopia iliyotakiwa itue KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, ikatua uwanja mdogo wa Arusha, hapa Kisongo? Uwanja wa vindege vya watalii wa Serengeti! Njia yake ya kutua ni kama mita 1,600, KIA ni 3,600. Watu tulitoka majumbani kulishangaa. Lilifika mwisho wa lami, likajaribu kugeuka, magurudumu yakazama kwenye nyasi. Abiria wakakaa humo wanasubiri, maana ngazi ya kufikia mlango wa dude lile pale Arusha haikuwepo. Vitenge, kamera, bodaboda zote Kisongo siku ile. Ikabidi baadaye liondolewe likiwa jepesi, bila abiria, ndipo likaruka.

---

Mzee wa Pugu

Haa! Sasa hiyo ni kompyuta au ni macho? Maana kompyuta ingewapeleka KIA.

---

Kipanga Mweusi

Swali zuri Mzee. Njia ya Arusha na ya KIA zote zimelala uelekeo mmoja, mashariki na magharibi, namba zake 09 na 27. Rubani akiona lami mbele yake, imelala vile alivyotarajia, moyo unatulia. Miaka saba na kitu baadaye, Aprili 2021, ndege ya mizigo ya shirika hilohilo ikatua Ndola, Zambia, kwenye uwanja mpya ambao ulikuwa bado unajengwa haujafunguliwa. Na siyo Waethiopia peke yao: Novemba 2013 lile Boeing kubwa la kubebea vipande vya ndege lilitua uwanja mdogo wa Jabara kule Wichita, Kansas, badala ya kambi ya jeshi ya jirani. Januari 2014 shirika la Southwest nao wakakosea uwanja kule Missouri.

Kwa mtazamo wangu hiyo ni sura ya pili ya ugonjwa uleule. Cali waliamini skrini bila kuangalia ardhi. Arusha waliamini ardhi bila kuangalia skrini. Kwenye skrini ya 767 umbali hadi KIA ulikuwepo, ungewaambia bado kilomita 50.

---

Binti Makunganya

Swali la mshamba: kwa nini wasizime hizo otopailoti tu, warushe kwa mkono kama zamani?

---

Kipanga Mweusi

Siyo la mshamba dada. Kwanza juu ya futi 29,000 ndege zinapishana kwa futi 1,000 tu kwa wima, na kanuni zinataka mtambo ndio ushike kimo. Mkono wa binadamu unachoka. Pili, ajali zimepungua mno tangu mitambo hii ije, hilo lazima tuliseme, tusije tukatoka hapa tukadhani zamani kulikuwa salama.

Lakini kuna kapteni mkufunzi wa American Airlines ambaye 1997, baada ya Cali, alitoa somo lililosambaa dunia nzima. Aliwaita marubani wa kizazi kile watoto wa mstari wa zambarau, kwa sababu njia ya kompyuta huchorwa kwa rangi hiyo kwenye skrini, na wao macho yao hayatoki hapo. Ushauri wake haukuwa kuzima. Alisema ngazi zipo: kompyuta ya safari, chini yake otopailoti ya kugeuza vitasa tu, chini kabisa mikono. Mambo yakikuchanganya, shuka ngazi. Usiinamishe kichwa kuanza kuandika tena wakati ndege inakwenda maili nne kwa dakika. Na Januari 2013 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliwaandikia mashirika yawahimize marubani warushe kwa mkono inapowezekana, kwa sababu uwezo ulikuwa unapotea.

Pale Cali, mmoja kati yao angesema "acha Rozo, panda kwanza tujue tuko wapi", leo hatuna uzi.

---

Al-Harthy wa Muscat

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Oman, babu zangu wa Unguja. Mazungumzo yenu yote ni ya rubani kukosea namba. Huku kwetu tangu 2023 tuna jambo jengine: satelaiti zenyewe zinasingiziwa. Kuanzia Septemba mwaka ule, ndege zinazopita Iraq na mpaka wa Iran zikawa zinapata ishara za uongo za GPS, zinaambiwa ziko pahala ambapo hazipo. Ndege moja ndogo ya binafsi ilikaribia kuingia anga la Iran bila ya ruhusa. Baadaye ikaja upande wa Lebanon, ndege iko juu ya bahari, skrini inasema imo uwanja wa Beirut. Kule Ulaya, Finnair walisimamisha safari za Tartu, Estonia, mwezi mzima wa Mei 2024 kwa sababu ya vurugu za GPS.

Basi nauliza: hapo rubani akiiamini kompyuta ana kosa gani? Hakuandika yeye.

---

Fundi Mitambo

Wa alaykum salaam sheikh. Umeleta jambo ambalo sisi mafundi linatunyima usingizi.

Ndege kubwa ina chombo kingine kisichohitaji satelaiti, kinachopima kila mwendo na mgeuko kwa miale ya leza. Kikiachwa peke yake kinakosea polepole, maili mbili hivi kwa saa, kwa hiyo bado kinakuvusha. Tatizo baadhi ya ndege zimeunganishwa hivi kwamba GPS ndiyo inayokirekebisha. Uongo ukiingia GPS, unakichafua na hicho.

Na sasa nirudi Cali, maana ndiyo inaniuma. Baada ya ajali ile dunia ililazimisha king'ora kipya cha ardhi. Kile cha zamani kilipima tu kilicho chini ya tumbo la ndege, kwa hiyo kilichelewa kuona ukuta wa mlima mbele. Kipya kina ramani ya milima ya dunia nzima ndani yake, kinakuonya mapema. Kimeokoa ndege nyingi sana. Lakini kinajuaje uko wapi kwenye hiyo ramani? Kwa GPS. Kwa hiyo ukipita eneo la ishara za uongo, kinaanza kupiga kelele "vuta juu, vuta juu" ukiwa futi 35,000, na kinaweza kuendelea hivyo hata saa kadhaa baadaye, umeshatoka huko, unaingia kutua. Wapo marubani wanaokizima. Wapo wanaokizoea, wakisikia wanasema ah, ni ile GPS ya Iraq.

---

Nyoka wa Shaba

Mimi nasafiri Dar, Doha, Istanbul mwezi ujao. Mmenimaliza.

---

Otieno wa Kondele

Safiri salama bwana, utafika 😂 Ila kaa upande wa dirisha uhesabu milima.

---

Mzee wa Pugu

Fundi swali la mwisho nilale. Hiyo minara ya redio ya zamani, ile Rozo na Tulua, si ndiyo wanaizima kila nchi wakisema GPS inatosha?

---

Fundi Mitambo

Ndiyo Mzee. Marekani na Ulaya wanaipunguza mwaka hadi mwaka, wanabakiza michache ya akiba, kwa sababu mnara mmoja unahitaji umeme, fundi, na ndege ya kuupima. Ile ya herufi moja kama Rozo ndiyo inaondoka ya kwanza. Tangu mambo ya Iraq yaanze, kuna wanaouliza kama ile michache inatosha.

---

Mzee wa Pugu

Haya. Nami sijasema kwamba wale wa Cali hawakuzembea.